Nina tenki tatu za samaki wa Tanganyika, nataka kuhamia maji chumvi. Nianzie wapi?

MwishoWaReli

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Mimi mtoto wa Kigoma ila naishi Dar, Tabata, mwaka wa tisa sasa. Samaki wa mapambo nafuga tangu niko sekondari, nilianza na beseni nikahamia kwenye jagi la kioo la mama (kipigo chake bado nakikumbuka), sahivi sebuleni nina tenki tatu: ya futi nne ina Tropheus, ya futi tatu ina wale wadogo wanaolala ndani ya makombe ya konokono, na nyingine kadogo ka kulelea vifaranga. Samaki wa ziwani kwetu wote. Huko sina shida, kila Jumamosi nabadilisha maji, mwaka mzima nimepoteza mmoja tu, aliruka nje usiku paka akamaliza kesi.

Sasa mwezi uliopita tukaenda Mbudya na watu wa ofisini. Nikaazimwa miwani ya kuzamia na lile bomba la kupumulia, nikainamisha uso majini pale kwenye matumbawe, dakika arobaini sijatoka, wenzangu wameshakula chipsi wamemaliza. Toka siku hiyo kila nikiangalia Tropheus wangu naona kama wamepauka.

Nataka kuanzisha tenki ya maji chumvi. Ile ya futi tatu naweza kuigeuza? Ni sentimita 90 kwa 40 kwa 45, kama lita 160 hivi. Na kwa kuwa niko Dar na bahari iko hapo si nachota tu maji Kigamboni naweka? na mawe na samaki si nakusanya mwenyewe maji yakikupwa, wale wadogo wa bluu wako kibao kwenye vidimbwi? Au kuna kitu sikioni. Maana kila nikisoma watu wanataja mamashine hadi nachoka, halafu nikiangalia bahari naona haina mashine hata moja.

Mama watoto ameshasema tenki ya nne haiingii humu ndani, kwa hiyo ni kubadilisha sio kuongeza.

Nawasilisha.

baharia_nyali

Ati bahari haina mashine, hahaha. Ina mwezi ndugu yangu, ina kusi na kaskazi, inapigwa mawimbi usiku na mchana na haijawahi kupotewa na stima hata dakika moja. Hizo mashine zote tunanunua ni za kuigiza hayo.

Niko Mombasa, tanki yangu ya chumvi ina miaka sita. Wewe una bahati moja wengi wanaotoka maji baridi hawana. Maji ya Tanganyika pH yake inakaribia 9, kwa hivyo ushazoea samaki ambao amonia, ile sumu ya uchafu wao, kidogo tu inawamaliza. Mtu aliyekuwa akifuga kwa pH 6 ama 7 hajui hilo, kwake amonia karibu yote inakaa kwa ile hali isiyo na sumu kali, akija huku kwa pH 8.2 kiasi kile kile kinakuwa hatari zaidi ya mara kumi anabaki kulia. Wewe hutalia kwa hilo. Utalia kwa idadi. Tropheus si unawajaza ishirini ndio wasiuane? Sasa huku ukitoa nafasi ya mawe na mchanga unabaki na lita 130 hivi za maji, hizo ni samaki wadogo wanne, watano ukijitahidi sana, basi. Watu wa maji baridi hii inawashinda kabisa, wanaona tanki iko tupu wanaongeza mmoja, wanaongeza mwingine.

Maji ya kuchota ndio yanawezekana, mimi nachota. Lakini sio kusimama ufuoni maji yamekufika magotini na ndoo mkononi. Mimi natoka na mvuvi ninayemjua, tunavuka mwamba tunaenda kwa maji ya bluu, maji yakiwa yamejaa, na madumu ya lita 20 ambayo hayajawahi kuonja mafuta wala sabuni. Wakati wa masika siendi kabisa, mito inamwaga matope na chumvi ya bahari karibu na pwani inashuka. Nyinyi hapo Dar mto Msimbazi unaingia baharini katikati ya mji, na kuna bandari, kwa hivyo hata kiangazi kaa mbali na upande huo. Nikifika nyumbani nayachuja, nayatia kwa pipa lenye mfuniko mahali pa giza na pampu ndogo ya kuyazungusha, wiki mbili, vijidudu vingi vinakufa humo vikishuka chini. Halafu napima. Bahari yetu ni gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji, utasoma 1.025 ama 1.026. Na haidromita ya plastiki yenye mshale inadanganya sana, kama mfuko unaruhusu nunua refraktomita, ile inayopima chumvi kwa mwanga.

Kuna mtu atakuja hapa akwambie nunua chumvi ya kupikia ukoroge. Usimsikize. Kwa mashamba ya chumvi maji yakikauka, kalsiamu inaganda mapema, magnesiamu inabaki mwisho kabisa kwa yale maji machungu wanayomwaga, katikati hapo ndio wanavuna chumvi tupu. Kwa ugali ni tamu, kwa samaki wa bahari ni kama kumlisha mtu sukari peke yake mwaka mzima. Ukikosa bahari tumia ile chumvi maalum ya akwariamu, gramu 35 na kitu kidogo kwa lita, tanki yako ingekula karibu kilo tano kwa kujaza mara ya kwanza.

Kitu cha mwisho kabla nilale. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki. Kwa hivyo unajazia MAJI MATAMU, sio ya bahari. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu mimi mwenyewe miezi miwili ya kwanza nilikuwa najazia ya bahari, nikawa natengeneza achari. Hesabu ni rahisi: lita 130 zikipoteza lita 2 kwa siku, wiki ikiisha umetoka 35 unagonga 39. Na hayo maji matamu yasiwe ya bomba moja kwa moja, klorini na fosfeti zinajirundika, wala ya kisima cha pwani maana mengi yana chumvi yake. Mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa chujio laini kabisa, ama ununue kwa wale wanaouza maji yaliyochujwa kwa RO.

TangaRaha

Kaka wa Mombasa kaeleza vizuri ila umeme kaupitia kwa utani, mimi ngoja nikae hapo hapo.

Niko Tanga. Nilikuwa na tenki ya lita 250, chini yake kwenye kabati nimeweka tenki la pili la kuchujia, lile wanaloita sampu. Maji yanashuka kwa bomba kutoka juu, chini yanapita kwenye filta na skima, pampu inayarudisha juu. Nilikuwa najivunia kazi ile jamani, fundi bomba wangu alikuwa hajawahi kuona samaki wa mapambo maishani ila alipiga kazi safi. Basi tukaenda Muheza kwenye harusi ya shemeji, Ijumaa tunarudi Jumapili. Jumamosi usiku umeme ukakatika. Pampu ikisimama, lile bomba la kurudisha maji juu linageuka linanyonya kurudi chini, kwa sababu mdomo wake niliuzamisha sentimita kumi ndani ya maji. Kwa hiyo sentimita kumi zote za tenki la juu zikahamia kwenye sampu, sampu likafurika, kabati likavimba, zulia la mkwe wangu nisiongee. Umeme ukarudi alfajiri pampu ikaanza kuvuta, maji mengine yako sakafuni, ikavuta hewa ikaungua. Nimefika Jumapili jioni, maji ya juu yamesimama kama dimbwi, kati ya samaki sita wawili walikuwa wameshaenda, wanne wako juu wanahema. Hao wanne nao wakafuata ndani ya siku tatu.

Dawa yake ilikuwa ni tundu moja tu. Unatoboa katundu kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya usawa wa maji, likishafika hewani linaingiza hewa na kunyonya kunakatika. Na sampu usilijaze, liachie nafasi ya kupokea maji yanayoshuka. Halafu ndo jaribio ambalo mimi sikufanya: kabla hujaweka hata samaki mmoja chomoa kila kitu ukutani, kaa kwenye kochi uangalie.

Kwa mdogo wangu wa Kigoma, lita 160 achana na sampu kwa kuanzia. Filta ya kuning'inia nyuma, skima ndogo ya kuning'inia, pampu mbili za kusukuma maji ndani, mawe ya kutosha. Skima wewe hujawahi kuwa nayo maana kwenye maji baridi haifanyi kazi, mapovu yanakuwa makubwa yanapasuka. Kwenye chumvi mapovu yanakuwa madogo kama maziwa, uchafu unashikamana nayo unapanda kwenye kikombe juu. Siku ya kwanza ukiona kile kikombe na harufu yake utashangaa vitu gani ulikuwa unawaachia samaki wako.

Na nunua betri na inveta ndogo, sio ya kuwasha taa na televisheni ya shemeji, ni ya pampu moja ya kuzungusha maji tu. Maji ya chumvi yanabeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi, na yakiwa ya moto yanabeba pungufu zaidi, kwa hiyo ule muda uliozoea kwamba umeme ukikatika kwa muda wa saa sita samaki wako sawa, huku usiutegemee.

Ahaa na jingine, umesema unataka kuokota vitu maji yakikupwa. Kombe lenye umbo la koni, zuri lina michoro kama khanga, USISHIKE. Mle ndani kuna konokono ana mshale wa sumu, wapo walioua watu na sumu yake haina dawa ya kuipoza. Kwetu huku watoto wanafundishwa.

MwishoWaReli

Dada TangaRaha pole sana na zulia. Nimeenda kuangalia bomba la filta yangu ya Tropheus sahivi sahivi usiku huu, limezama sentimita kumi na mbili. Miaka yote hiyo nilikuwa naishi kwa rehema tu.

baharia asante, ila samaki WATANO? kaka.

Mswahili_wa_Maskati

Assalam alaykum jamaa. Mie niko Maskati, asili yetu Unguja, nasoma hapa nafurahi kweli maana huku wenzangu wa tenki wote tunaongea Kiarabu na Kiingereza.

Ndugu yangu wa Kigoma najua unachotaka, unataka Nemo, sema usione haya. Basi ujue yule wa rangi ya machungwa na mistari mitatu, Amphiprion ocellaris, si wa bahari yenu hata siku moja, huyo wa upande wa Asia ya kusini mashariki na Australia. Hata hapo Mbudya ulomwona pale kwenye anemoni, yule mnyama wa baharini kama ua ambaye hao samaki wanaishi ndani yake, atakuwa Amphiprion allardi, mweusi na kahawia ana mistari miwili myeupe na mkia mweupe, au akallopisos, wa rangi ya pichi ana mstari mmoja mweupe mgongoni. Sie Oman tuna wetu, Amphiprion omanensis, hapatikani kwengine duniani. Kila pwani na wake. Wote wanazaliwa madume, yule mkubwa wa kundi ndo anageuka jike, jike akifa dume lake linachukua nafasi. Mke wangu nilipomwambia hivyo alicheka siku nzima.

Anemoni usinunue mwaka wa kwanza. Samaki hawamhitaji, wanaishi bila ya yeye, ila yeye anataka taa kali na maji yaliyotulia miezi mingi, na akitembea akanaswa na pampu anasagika anaharibu tenki nzima kwa usiku mmoja. Nimeshuhudia kwa jirani.

Kuhusu joto. Hapa nje wakati wa kiangazi inapita digrii 40 lakini ndani kiyoyozi hakizimwi, tena nina chila, ile mashine ya kupozea maji, tenki langu 26 mwaka mzima. Nyie mna kazi zaidi. Feni ndogo ya kompyuta ukiielekeza juu ya maji inashusha digrii mbili hivi, lakini pwani ya kwenu kuna unyevu mwingi hewani, Februari maji hayataki kukauka na feni inashindwa. Samaki watavumilia digrii 28 au 29. Matumbawe ndo wenye shida, yakifika 30 na kuendelea wanatema ule mwani unaoishi ndani yao wanabaki weupe. Bahari yenyewe ilitokea hivyo 1998, na Bahari ya Hindi magharibi iliumia vibaya sana mwaka ule. Kwa hiyo wewe anza na samaki na mawe tu, habari ya matumbawe waachie wenye viyoyozi.

Na mtu asikwambie ataleta matumbawe kutoka huku ndani ya begi la nguo. Matumbawe magumu yote yako kwenye CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, kupita mpaka lazima vibali. Mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake, farasi bahari, yale makombe makubwa ya Tridacna, vile vile.

kifaurongo

Mtanisamehe ila sijasikia mtu hata mmoja akimwambia huyu jamaa ukweli.

MwishoWaReli una Tropheus. Kuna watu Ujerumani wanalipa hela nyingi wapate samaki uliokuwa unawaona ukienda kuoga ziwani ukiwa na miaka saba. Wanasafirishwa kwa ndege kutoka Kigoma kwenye mifuko. Kila ufuo wa mawe una rangi yake ya Tropheus kwa sababu hawawezi kuvuka mchanga kwenda ng'ambo, samaki wa kijiji hiki si wa kijiji kile. Wewe unao, wanazaana sebuleni, na unataka kubadilisha kwa ajili ya samaki watano.

Halafu hiyo Mbudya iliyokuchanganya ni hifadhi tangu 1975, yenyewe na Bongoyo na Pangavini na Fungu Yasini. Ulichokiona pale ni kwa sababu hapaguswi. Au panatakiwa pasiguswe. Sasa wewe umetoka pale unauliza utakusanya vipi mawe na samaki. Nauli ya boti ni rahisi kuliko skima, nenda kila mwezi ukaangalie, urudi kwa Tropheus.

Sio ugomvi. Nafuga ziwa nami, Morogoro.

TangaRaha

Kifaurongo kwenye kukusanya niko na wewe asilimia mia. Mimi nimekulia huku wakati wa mabomu, mtu anarusha baruti dakika moja, matumbawe yanabaki kifusi miaka na miaka. Kung'oa jiwe hai kwa ajili ya sebule ni kosa, kisheria na kwa mimi binafsi pia. Ila mbona jiwe lisilo hai lipo? Yale mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kujengea nyumba, Stone Town yote si ni hayo? Mdogo wangu chukua hayo, yaliyochimbwa mbali na ufuo. Mazito na hayana vitundu vingi kama jiwe la baharini, lakini yapo, na siki ukidondoshea yanatoa povu kwa hiyo ujue ni chokaa. Yasugue, yaloweke wiki tatu ukibadilisha maji, yawe safi. Bakteria watakuja wenyewe watayafanya hai.

Ila hilo la "baki na Tropheus"… mwache mtu na tamaa zake bana.

FundiVioo

Mimi samaki sifugi, natengeneza tenki, futi mbili mpaka futi nane, Kariakoo wananijua.

Bosi hiyo tenki yako ina miaka mingapi? Silikoni ikiwa imeanza kubanduka pembeni usiihamishe kwenye chumvi, kwanza niletee tuikwangue tupige upya. Pili ulishawahi kutibu samaki humo kwa dawa ya shaba? Ile ya madoa meupe ya bluu bluu? Kama ndio ujue shaba inajificha kwenye silikoni na mawe na mchanga, samaki hawadhuriki lakini kamba na konokono wanakufa kila ukiweka na hutajua kwanini. Wateja wangu wawili imewatokea. Tatu mfuniko wa bati na skrubu za kawaida toa kabisa, chumvi itavila na kutu itadondokea ndani. Weka kioo au wavu, maana wapo samaki wa bahari wanaoruka kuliko huyo wako wa paka.

Meza nayo. Hizo lita 160 na mawe na kioo ni kama kilo mia mbili na zaidi. Usiweke kwenye kabati la televisheni bosi, narudia tena usiweke.

MwishoWaReli

Nimesoma yote mara mbili, hapa nimeandika kwenye daftari.

Fundi, tenki ina miaka minne, shaba sijawahi, natumia chumvi na joto tu kutibu. kifaurongo umenigusa kwenye mshono, nilikaa nimenuna siku mbili. Nikaenda kuwaangalia Tropheus kwa tochi usiku nikaona ni kweli hawajapauka, ni mimi. Kwa hiyo Tropheus hawaondoki. Tenki ya wale wa kwenye makombe ndo itageuzwa, na wao nitawatafutia mtu.

Maswali mawili ya mwisho. Filta ya zamani yenye bakteria wake, nikiihamishia kwenye chumvi si tayari nimeruka ile kusubiri wiki sita ninayosoma, ya bakteria wa kula amonia kuota? Na wale wadogo wa bluu wa kwenye vidimbwi mbona mmewaruka?

baharia_nyali

Filta, hapana. Bakteria wa maji baridi ukiwatumbukiza kwa gramu 35 ghafla wengi wanakufa, na wanaofanya kazi baharini ni jamaa wengine. Utapata amonia ya maiti zao tu. Anza upya: mawe, mchanga (ule mchanga wa chokaa uliotumia kwa samaki wa ziwa ni sawa, uoshe), maji, pampu ziwake, halafu nenda soko la samaki la Feri ununue kamba mmoja, mmoja tu, mrushe ndani aoze. Amonia itapanda, baadaye bakteria wataigeuza nitriti nayo ipande, zote mbili zishuke mpaka sufuri, ibaki nitrati ambayo sio kali. Wiki nne, sita, zingine nane. Taa zima, hamna kitu cha kuangalia. Hapo ndio watu hufeli mtihani, sio kwa kemia, kwa macho. Mtu anakaa mbele ya tanki ya mawe wiki ya tatu anasema acha niweke samaki mmoja wa kujaribu.

Wadogo wa bluu tumewaruka kwa sababu ni majambazi. Wazuri, wagumu kufa, na wakishashika jiwe lao hakuna mgeni ataingia. Na yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus, akiwa mdogo anakaa kama toi, akikua anafika sentimita 14 na anauma mpaka mkono wako unaosafisha kioo. Ukimweka kwanza umeoa. Anza na jozi ya hao Nemo waliozalishwa kwa tanki, wamezoea chakula cha pakiti na hawajatolewa baharini. Samaki wa kuvuliwa wengi hawajui chakula cha pakiti ni nini, atakaa anakitazama mpaka afe njaa. Kangaja wale wa bluu angavu utaona wanauzwa, usiguse, wanataka tanki mara tatu ya yako na wanapata madoa meupe ukiwaangalia vibaya tu.

MwishoWaReli

Mrejesho wakuu, wiki ya saba leo.

Kamba niliweka. Siku ya nne mama watoto akauliza nani kaficha samaki chooni. Amonia ilifika 4 wiki ya pili, nitriti ikapanda ikakaa pale pale mpaka nikahisi kipimo ni kibovu nikanunua kingine, kikasoma vile vile. Wiki ya tano amonia sufuri, wiki ya sita nitriti sufuri. Nilichomoa umeme wote nikakaa kwenye kochi kama dada TangaRaha alivyosema, saa moja nzima, haikumwagika hata tone, nilijisikia kama injinia wa daraja.

Kosa moja nilifanya. Nilipata dharura nikasafiri siku nne, nikamwambia mdogo wangu ajazie maji yakipungua, akajazia kutoka kwenye pipa la bahari. Nimerudi refraktomita inasoma 38. Nimetoa maji kidogo kidogo nimeweka matamu siku tatu mpaka ikarudi 35, kwa bahati hamna samaki. Pipa sasa nimeliandika kwa rangi nyekundu.

Sasa tatizo, tangu juzi mchanga na mawe vimefunikwa na kitu cha kahawia kama vumbi la kakao. Ukikipuliza na pampu kinaruka, kesho yake kimerudi. Nimeharibu?

baharia_nyali

Hujaharibu, karibu chamani. Huo ni mwani wa daiatomu, unakula silika iliyo kwa mchanga na maji mapya, silika ikiisha unaondoka wenyewe, wiki mbili tatu hivi. Usiweke dawa. Angalia tu maji ya kujazia umeyatoa wapi, kama RO ni nzuri hautarudi. Sasa ndio unaweka konokono wachache wa kulamba kioo, na wiki moja baada ya hapo samaki wawili. WAWILI.

Na vipi wale wa kwenye makombe, ulipata mtu?

MwishoWaReli

Nilipata. Uliza Morogoro.

kifaurongo

Walikuja kwa treni ya umeme, ndoo ya lita kumi, pampu ya betri, jamaa kawashikilia miguuni njia nzima kama amebeba mtungi wa gesi. Kumi na mmoja, wote wazima. Wawili wamegoma kutoka kwenye makombe yao, yule dume mkubwa alianza kuzika lake kwenye mchanga usiku ule ule hajapumzika na safari.

Nitakuja Tabata kuona hao Nemo. Si kwamba nimebadilisha mawazo.